Barua ya wazi: Kila boksi la sindano linalovuka Mokowe lilipiwe nauli ya kurudi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, kwa Mawaziri wa kaunti wa Afya na wa Mazingira, kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi, na kwa wakubwa wa Wizara ya Afya na wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, walioko Nairobi.

Assalaam alaykum.

Chanjo za kwanza za korona zilipotua Nairobi Machi 3, 2021, dozi milioni moja na ushei, swali lililokuwa midomoni mwa watu hapa Lamu ni zitafikaje visiwani bila kuharibiwa na joto. Lilikuwa swali la haki. Swali la pili sikulisikia likiulizwa hadharani na kiongozi yeyote: sindano zikishatumika, zitarudi na nani, kwa chombo gani, na zipelekwe wapi?

Naandika kuomba jambo moja. Kila boksi la sindano, kila katoni ya glavu na barakoa inayovuka Mokowe, gati yetu ya bara, kuja visiwani, safari yake ya kurudi ipangwe na ilipiwe kabla haijapakiwa. Ipangwe sasa, wakati hakuna kafyu wala karantini na watu wanaweza kukaa wakafikiri.

Nianze na hesabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti kuhusu taka za korona Februari 2022. Lilikadiria kuwa dozi bilioni 8 za kwanza zilizochomwa duniani ziliacha tani 144,000 za mabomba, sindano na maboksi yake. Ukigawanya unapata gramu 18 kwa kila chanjo. Gramu 18 hazimtishi mtu. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu, na tukisema kila mmoja atachanjwa mara mbili katika maradhi yajayo, hizo gramu zinakuwa zaidi ya tani 5. Boksi la lita 5, lile la kadi ya njano ambalo wauguzi huliita sefti boksi, linachukua mabomba 100 hivi. Basi ni maboksi karibu 2,900 yaliyojaa ncha zilizotoka mwilini mwa watu, na mengi yatakuwa ng'ambo ya maji, mahali pasipofika lori. Hapo hatujataja glavu, barakoa, magauni ya plastiki, vijiti vya kupimia puani wala mipira ya dripu. Vifaa vya kujikinga ambavyo Umoja wa Mataifa ulizinunulia nchi kupitia mpango wake wa dharura kati ya Machi 2020 na Novemba 2021 vilikuwa na uzito wa tani 87,000 hivi, na inakadiriwa kuwa vingi viliishia kuwa taka.

Wuhan, mji tajiri kuliko sisi mara nyingi, ulizidiwa. Taka zake za hospitali zilipanda kutoka chini ya tani 50 kwa siku hadi zaidi ya 200. Mji wenye barabara, malori na viwanda ulilazimika kuleta mitambo ya kuhamahama. Sisi tuna punda, mikokoteni, boti na maji kupwa.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo linalonifanya niamini kwamba kazi hii inawezekana. Takriban asilimia 85 ya taka za hospitali hazina hatari zaidi kuliko taka za nyumbani kwako. Ni makaratasi, maboksi, chupa za maji, mabaki ya chakula. Hatari iko kwenye ile asilimia 15. Ndiyo maana kanuni za hapa Kenya zinataka rangi: pipa jeusi kwa taka za kawaida, la njano kwa zenye maambukizi, jekundu kwa zenye hatari kubwa zaidi, na boksi la peke yake kwa kila chenye ncha, lifungwe likijaa robo tatu. Ukitenganisha pale pale kitandani, mzigo unaohitaji uangalizi unakuwa mdogo, na mzigo mdogo unabebeka hata kutoka Kizingitini, kule kisiwani Pate.

Maradhi mapya yakiingia, kitu cha kwanza kuvunjika ni utaratibu huo, na kinachouvunja ni hofu. Mwaka 2020, katika nchi nyingi, kila kilichotoka chumba cha mgonjwa wa korona kilionekana ni sumu: gazeti alilosoma, sahani aliyolia, chupa ya maji. Vyote vikaingia mfuko wa njano. Asilimia 15 ikawa kama 100, mifuko ya njano ikaisha, na mifuko ikiisha zile pamba zenye damu zinatiwa katika mfuko mweusi kwa sababu ndio uliopo. Kosa la kwanza linazaa la pili. WHO wenyewe walisema baadaye kwamba sehemu kubwa ya glavu zilizovaliwa haikuhitajika, na kwamba mtu anayechoma chanjo hana haja ya glavu bali ya kunawa mikono. Glavu zilizovaliwa bila sababu zilinunuliwa kwa pesa, zikabebwa kwa pesa, na nyingine hadi leo zinaelea mikokoni.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, mnapopanga mafunzo ya dharura, msiwaite madaktari na wauguzi peke yao. Muuguzi anazijua rangi. Anayefunga mfuko, kuuburuta na kuutupa ni kibarua wa usafi, mara nyingi aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi michache, na siku anapoanza kuzielewa rangi ndiyo siku mkataba wake unapokwisha. Huyo ndiye wa kufundishwa kwanza, kwa Kiswahili, mbele ya mapipa yenyewe.

Namjua mzoa taka mmoja, baba wa watoto, aliyechomwa na sindano iliyokuwa ndani ya mfuko mweusi kutoka kituo kimoja ambacho sitakitaja, maana sikuandika kumfedhehesha mtu. Alikuwa amevaa kandambili, na mikono yake mitupu. Aliubana mkono, akasuuza kwa maji ya bahari, akaendelea na kazi. Alipokuja kuniuliza, kwa kuwa mtaani wananijua kwa kujitolea katika afya ya jamii, siku zilikuwa zimepita. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 na zimezwe kwa siku 28. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ukimwi ndio unaoogopwa zaidi, nao kwa kweli ndio wenye uwezekano mdogo kwa mchomo wa namna hiyo: kama watu 3 katika 1,000 wanaochomwa na sindano yenye virusi hivyo. Homa ya ini aina ya B inaweza kufika 30 katika 100 kwa mtu asiyechanjwa, na kirusi chake kinaishi nje ya mwili angalau siku 7. Sindano ya Jumatatu iliyotupwa jaani bado ina nguvu Ijumaa, mtoto akiiokota kuchezea maji. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2000 pekee, sindano zilizotumika tena bila usafi ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B duniani. Na kinga ipo. Watoto wetu wanachanjwa dhidi yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini mzoa taka wa miaka 35 au 40 alizaliwa kabla ya hapo. Mchanjeni yeye, hamali wa gatini na baharia wa boti itakayobeba maboksi hayo. Ni dozi tatu tu. Sioni udhuru wa hili kungoja hata mwezi mmoja.

Sasa nije kwenye moto, kwa kuwa najua jibu litakaloletwa haraka ni kwamba zichomwe.

Kuchoma vizuri kunawezekana. Tanuri la sawasawa lina vyumba viwili. Cha kwanza hufika nyuzi 850 za selsiasi. Moshi wake huingia cha pili, penye nyuzi 1,100, ukakaa humo angalau sekunde 2 ndipo upande juu ya bomba. Tanuri kama hilo linataka mafuta kila siku, fundi, na mtu aliyefunzwa kulilisha. Shimo lenye matofali na kiberiti si tanuri. Plastiki yenye klorini, kama ile ya mipira ya dripu na mifuko ya damu, ikichomwa kwa moto hafifu hutoa dayoksini, sumu inayosababisha saratani, inayotua kwenye majani, ikaliwa na mbuzi na ng'ombe, ikaingia kwenye maziwa, na kutoka hapo kwenye maziwa ya mama. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo unazitaka nchi zipunguze sumu hiyo hasa.

Mtu aliyepanga bara anaweza kuchagua mahali pa tanuri kwa kuangalia upepo unavuma wapi. Hapa Amu, yaani Lamu, pepo ni mbili. Kusi inavuma tangu karibu Aprili hadi Septemba, kaskazi tangu Desemba hadi Machi. Upande wowote wa mji utakaoweka bomba la moshi, kuna miezi ambayo moshi utarudi juu ya watu. Na nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta, mitaa haina upana wa kupisha punda wawili, na juu ya madari ndiko watu wanakopunga upepo jioni na kulala wakati wa joto. UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu hiyo hiyo ya ujenzi wake. Ujenzi huo unakataa moshi wa hospitali.

Ardhi nayo inakataa shimo. Maji ya kunywa ya mji wa Lamu yanatoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua inanyonywa na mchanga, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, na visima vinayachota. Mchanga na mawe ya matumbawe havizuii kitu. Majivu ya tanuri yana madini mazito; dawa zilizoisha muda zina kemikali zake; ukizika hivyo kisiwani, umevitia kisimani kwa njia ndefu kidogo. Nimeona watu wakichimba shimo la taka karibu na ufuo kwa sababu mchanga ni laini. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa, lilipofika, shimo lilijaa kutoka chini.

Kwa haya yote naamini mvuke unatufaa kuliko moto. Otoklevu ya taka, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, tofauti kabisa na ile ya vifaa vya upasuaji, inatumia mvuke wa nyuzi 121 kwa shinikizo, nusu saa au zaidi kulingana na mzigo. Glavu, barakoa na pamba zenye damu zinatoka humo zikiwa hazina uhai wa kijidudu, zinaweza kusagwa, na baada ya hapo ni taka za kawaida.

Mtaniambia: jengeni otoklevu moja kubwa bara, tukusanye huko kila kitu. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwongozo wa WHO kwa nchi za joto unasema taka zenye maambukizi zisikae zaidi ya saa 24 katika msimu wa joto, na saa 48 katika msimu wa baridi, kama hazikuhifadhiwa kwa ubaridi. Tazameni ramani. Kiunga iko karibu na mpaka wa Somalia na barabara yake mnajua hali ya usalama wake. Kutoka Faza, kisiwani Pate, kuja Lamu unapita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda unataka maji yawe yamejaa. Kusi ikikaza, nahodha mwenye akili hatoki. Saa 24 hazitoshi.

Kwa hivyo vilivyo laini na vyenye maambukizi vitibiwe pale pale, katika otoklevu ndogo kwenye hospitali na vituo vikubwa vya visiwani. Vyenye ncha vinaweza kusubiri, vikiwa ndani ya boksi lililofungwa, kwenye chumba kikavu chenye kufuli. Hivyo, pamoja na dawa zilizoisha muda na kemikali za maabara ambazo mvuke hauziwezi, ndivyo vipakiwe botini. Boti hiyo isibebe abiria siku hiyo, wala samaki, wala unga. Maboksi yawe ndani ya mapipa yenye vifuniko vya kukaza, yafungwe yasielee mbali chombo kikipinduka. Na karatasi ya mzigo iandikwe: kilo zilizotoka, kilo zilizofika, sahihi ya aliyetoa na ya aliyepokea. Bara pawe na mahali pamoja palipopewa leseni na NEMA, penye tanuri la vyumba viwili kwa kile kisichoweza kutibiwa vingine, na shimo la majivu lililojengwa kwa saruji.

Kuna udogo wa mambo ambao huua miradi mikubwa, na huu ni mmoja: otoklevu inakunywa maji, na maji ya visima vingi vyetu yana chumvi. Yakiingia kwenye boila kila siku, ukoko unashika, kipasha moto kinaungua, mashine inafunikwa turubai. Wazee wa visiwa vya kaskazini walikinga mvua kwenye jabia tangu zamani. Kila otoklevu iletwe na paa la kukingia mvua na tangi lake, na mkataba wa fundi wa miaka kadhaa ulipiwe pamoja na mashine. Mfadhili akisema anatoa mashine tu, muombeni kwa adabu atoe mashine moja yenye tangi na fundi badala ya mbili zisizo navyo.

Neno kuhusu vijana wanaokusanya plastiki ufukweni. Mji huu ndio ulioiunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa lililotiwa maji mwaka 2018, na tangu hapo wengi wanapata riziki kwa kuokota na kuuza. Bomba moja la sindano likiingia kwenye gunia lao, mkono unaopanga ndio unaoumia. Vituo vya afya visiwape wala kuwauzia plastiki ambayo haijapita kwenye mvuke.

Watu wa upande wa bara nao wana haki ya kuuliza kwa nini taka za visiwani ziende kwao. Waulizwe mapema, wajibiwe kwa ukweli, waoneshwe ramani na vipimo vya moshi. Juni 26, 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu, na sababu kubwa mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakazi wa kaunti hii waliisoma ripoti ya mtambo ule ukurasa kwa ukurasa. Watausoma na mpango wenu wa taka, na wakiuona umekamilika wataukubali.

Sheria iko upande wa ombi langu. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na ya afya. Jedwali la Nne limeziachia kaunti huduma za afya pamoja na uzoaji na utupaji wa taka, vyote viwili, kwa hiyo idara moja isiisukumie nyingine. Kanuni za usimamizi wa taka na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 zimeeleza wajibu wa anayezalisha taka hadi mwisho wake. Kinachokosekana ni mstari wa pesa.

Na maradhi hayatatusubiri. Julai 2024 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, mpakani Taveta. Sisi tuna mpaka na tuna bandari. Gati ya kwanza ya Bandari ya Lamu ilifunguliwa Mei 20, 2021, katikati ya korona, na meli za mbali zinatia nanga Ghuba ya Manda.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa ufike bungeni ifikapo Septemba 1, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Katika hati hizo mbili tunaomba kuona, chini ya kila fungu la chanjo na dharura za afya, fungu la taka zake: mafuta ya boti, mapipa, chanjo za wazoa taka, mshahara wa mwendesha otoklevu, fundi. Kila dozi gramu 18. Hesabu inaanzia hapo. Kabla ya Septemba, tuiteni uwanja wa Mkunguni hapa mjini, na muwalete wanaoandika mipango waketi na wauguzi wa Faza na Kiunga, manahodha wanaoujua Mkanda na wazoa taka wa mji. Mimi nitafika, na yule baba aliyechomwa na sindano ameniambia atafika.

Wenu katika kazi hii,
Mkazi wa Langoni, Lamu